Kijiko cha Mafuta ya Jana

Mwenye nyumba wangu alikuwa na tabia ya kusoma chupa za watu kwa sauti. Ukimtembelea na mtoto mgongoni, hakuanza kwa kuuliza jina la mtoto. Aliomba mkoba wako, akapekua mpaka akaipata losheni, akaigeuza nyuma, akavaa miwani, akaanza kusoma yale maandishi madogo kama karani anayesoma mashtaka. Akifika kwenye neno refu alilikata pingili kama muwa, moja moja, mpaka waliokuwapo wakacheka. Kisha alifunga kizibo na kutoa hukumu yake ya siku zote: "Kitu kinachoushinda ulimi wako, ngozi ya mtoto itakiweza?"

Kwa hiyo mtaa mzima walimwita Mama Asilia, na mwenyewe aliitika.

Nilipanga chumba chake cha uani, kile chenye dirisha linalotazama jiko. Nimelala katika miji mingi, na katika kila lugha ninayoweza kununulia mkate nimelikuta neno hilo limebandikwa kwenye chupa: asilia. Wanaolibandika huwa hawaliamini sana. Yeye aliliamini kwa moyo wake wote, na sababu anayo.

Ujana wake ulikwisha katika nyumba za watu. Alikuwa yaya. Alijua kumwogesha mtoto mchanga kwa mkono mmoja huku mwingine unashika shingo, alijua kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi akiwa chumba cha tatu. Katika nyumba ya mwisho, mama mwenye mtoto alirudi safari na losheni yenye harufu ya maua, chupa ndefu, ya kuwekwa mezani wageni waione. Akaagiza mtoto apakwe. Mtoto akapakwa, akatoka vipele tumbo zima na mapajani. Yule mama hakuitazama chupa. Alimtazama yaya.

"Umempaka nini mwanangu?"

"Hiyo uliyonipa, mama."

"Usinijibu. Nimekuuliza umempaka nini?"

Wageni walikuwa wamekaa, vikombe mkononi. Mchana uleule alitoka na mfuko wake wa nguo, na sifa ya mtu asiyeaminika na watoto ikamtangulia kila mlango aliobisha. Miaka ilipita ndipo akasikia redioni daktari akieleza kwamba baadhi ya vihifadhi vinavyotiwa kwenye losheni huwasha ngozi za watoto. Redio ilisema baadhi. Yeye akasikia vyote.

Basi akarudi kwenye mafuta ya mama yake. Yalikuwa mafuta ya nazi na nta ya nyuki, yakiyeyushwa pamoja kwa moto mdogo, yakapozwa, yakatiwa kwenye kopo. Hayakuwa na tone la maji. Na yalikuwa na desturi yake. Kila ukipika sufuria mpya, unachota kijiko kimoja cha mafuta yaliyobaki na kukitia ndani. "Usikate ukoo," mama yake alikuwa akisema. Kijiko cha mafuta ya jana ndicho kinachoyafundisha ya leo kazi. Kwa hesabu hiyo, kopo lolote lililotoka jikoni mwake lilikuwa na chembe ya mafuta aliyopakwa yeye mwenyewe alipozaliwa, na alipenda kulisema hilo kwa wanawake waliokuja kununua. Wengine walitokwa machozi.

Lakini machozi hayazuii malalamiko. Mafuta matupu yanang'aa, yanashika vumbi, yanachafua shuka. Aliyelalamika zaidi ni jirani wa upande wa barabara, fundi wa cherehani, mwanamke mwenye kitinda mimba mnene na mdomo usio na breki.

"Mama Asilia, mafuta yako mazuri, lakini mwanangu anateleza kama sabuni. Juzi nilimwinua akaniponyoka, namshukuru Mungu alidondokea kwenye gauni la harusi la mteja."

"Gauni liliharibika?"

"Limeng'aa! Bibi harusi alilipenda."

Mama Asilia alicheka, ila neno lilimkaa. Akaanza kujaribu. Akakamua mshubiri uliokuwa kando ya karo la kufulia, akachuja ule ute na maji yake, akautia kwenye mafuta vuguvugu huku anapiga kwa kipigio cha mayai mpaka mkono ukafa ganzi. Siku moja vitu viwili visivyopatana vikapatana. Ikatoka krimu nyeupe, nyepesi, inayoingia kwenye ngozi bila kuacha alama. Fundi aliipaka kwenye shavu la mtoto, akarudia, akasema, "Sasa umeua." Toka siku ile watu wakapanga foleni. Walileta makopo yao yaliyokwisha, yeye akayasuuza bombani, akayajaza tena yakiwa bado na unyevu, na kila sufuria akaitia kijiko chake cha jana. Ukoo ukaendelea. Hakuna aliyefikiri kwamba ukoo sasa umeolewa na maji.

Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alioa, akamleta mke nyumbani, akaondoka na mzigo. Mkamwana huyo alikuwa msichana wa sauti ya chini, anayejibu "Sawa, Mama" kwa namna ambayo huwezi kujua amekubali au amekuhurumia. Alipojifungua, Mama Asilia alimpokea mjukuu kwa mikono iliyokwisha kulea watoto wa watu wengi na wa kwake mmoja, na kwa kopo jipya la krimu.

Chupa ya losheni aliikuta kati ya nepi zilizokunjwa. Niliyaona yaliyofuata kwa sababu yalifanyika uani, na fundi alikuwapo pia, kaja kuazima pasi.

"Hii nini?"

"Losheni, Mama. Dada yangu aliniletea. Anaitumia kwa wanawe, haina harufu."

"Nisomee nyuma."

"Mama…"

"Wewe umesoma kunishinda. Soma tusikie."

Msichana akasoma. Maji. Gliserini. Akaendelea mpaka akafika kwenye neno moja refu, akakwama, akarudi nyuma, akakwama palepale.

"Mwanangu," fundi akadakia, "hiyo ni losheni au ni jina la balozi?"

Wakacheka, na mimi dirishani nilicheka. Mama Asilia akapandisha sauti kidogo, ile sauti ya mtu mwenye hadhira. "Hicho ni kihifadhi. Cha kuhifadhia. Mtoto si samaki wa kopo, mwanangu. Unamhifadhi umpeleke wapi?" Akafungua kizibo, akaigeuza chupa juu ya karo. Losheni ilitoka polepole, na wote tulisimama kuingoja iishe.

"Sawa, Mama," msichana akasema.

Joto lilipozidi, mtoto akatoka vipele shingoni, kwenye mikunjo. "Joto hilo," bibi akasema, akaongeza krimu asubuhi na jioni. Vipele vikashuka kwapani. Akaongeza na mchana. Vikawa na vichwa vya njano, vingine vikapasuka, na ngozi iliyokuwa kama ganda la yai ikawa nyekundu, mbichi. Siku mtoto alipokataa kunyonya na mwili wake ukawa wa moto, mkamwana hakuomba ruhusa. Alimfunga mgongoni akatoka, na Mama Asilia akamfuata akikimbia, viatu mkononi.

Ya kliniki sikuyaona. Alinisimulia mwenyewe baadaye, na alipoyasimulia alikuwa akitazama sakafu ya chumba changu kana kwamba nimeandika kitu pale.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, mwenye kalamu sikioni. Akamvua mtoto nguo, akamtazama shingo, kwapa, kinena. Wanawake wengine walikuwa kwenye benchi lililo karibu, kila mmoja na wake mapajani, masikio wazi.

"Umempaka nini mtoto?"

Mama Asilia alihisi kama amepigwa kofi la zamani. Ni maneno yaleyale. Mkamwana akatoa kopo mkobani. Nesi akafungua, akanusa, akarudisha pua nyuma. Akaliinua kuelekea dirishani. Chini ya kifuniko kulikuwa na matone, na ukingoni, pale vidole hupita, madoa ya kijivu yenye manyoya madogo.

"Umeipata wapi hii?"

Mama Asilia alingoja kusikia jina lake.

"Kwa mchuuzi," msichana akasema. "Stendi."

"Mchuuzi gani?"

"Mpita njia tu. Simjui."

Hapo nesi akawaka. "Yaani una macho, una pua, unanunua kitu hakina jina, hakina tarehe, unampaka mtoto mchanga? Hii ina maji ndani. Penye maji vijidudu vinakunywa, vinakula, vinazaa. Unafikiri viwandani wanatia vihifadhi kwa kupenda? Ni kuvizuia hivyo. Vipo vinavyowasha watoto, ndiyo, kwa hiyo unachagua isiyo na manukato, unajaribu kidogo mkononi, akiwashwa unaacha. Lakini hii! Hii ni sawa na kumpaka maji ya mtaroni. Mtoto ana ngozi nyembamba kama karatasi ya biskuti, wewe unamfanyia majaribio!"

Benchi zima lilimtazama msichana. Yeye alimtazama mwanawe.

Kisha nesi akamgeukia mkubwa, kwa sauti ya heshima. "Na wewe, Bibi, mabinti wa siku hizi, si muwafundishe jamani?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Neno moja lilitosha. Mama Asilia akatikisa kichwa taratibu, kama watu wazima wanavyotikisa wakisikitikia dunia, akasema, "Hawasikii, mwanangu."

"Hawasikii." Alilirudia kwangu mara nyingi jioni aliyonisimulia, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Uongo wa mkamwana angeweza kuuita heshima, na kunyamaza kwake mwenyewe angeweza kukuita bumbuwazi. Ila lile neno halikumponyoka. Alilichagua.

Mtoto alipewa dawa ya kunywa na ya kupaka, akaanza kupata nafuu. Nyumbani hakuna aliyesema kitu. Msichana alipika, akafua, akamletea bibi chai kwa mikono miwili. "Chai, Mama." Hakununa. Hakurusha vyombo. Angerusha hata sufuria moja ingekuwa nafuu.

Ndipo alipobisha kwangu, na kopo.

"Wewe umetembea," alisema. "Nusa."

Nikanusa. Juu kulikuwa na nazi na nta, harufu nzuri. Chini yake kulikuwa na kitu kingine, kimejibana. Sikutaka kukisema.

"Sema."

"Kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Kilichosahauliwa."

Akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. "Mimi sinusi chochote," akasema. "Nanusa mama yangu tu." Hapo akanieleza yote, hadi kwenye lile neno. Halafu akauliza, na lilikuwa swali kweli, "Sasa makopo yaliyoko kwa watu?"

Hilo ndilo lililokuwa linamkaba. Makopo yalikuwa katika nyumba nyingi za mtaa, na kila moja lilikuwa na kijiko cha mwenzake. Aliona ujanja: aende akayakusanye bila kusema kwa nini, aseme anabadilisha vifuniko. Kesho yake akabeba kapu akaanza kwa fundi.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, mtoto wake kwenye kikapu cha vitambaa. "Kulirudisha? Wee! Limefika nusu. Unataka ukaongeze bei, nakujua."

"Sitaki bei. Nipe tu, nitakuletea lingine."

"Niletee lingine kwanza." Akatoa pini mdomoni, akashusha sauti, macho yakimng'aa kwa habari. "Halafu, Mama Asilia, nimekusikitikia. Ile ya mkamwana wako. Mtu ana kisima uani anakwenda kuteka mtaroni! Mwenye kiduka alikuwa kliniki, alisikia yote. Eti mafuta ya stendi! Jana bombani wamemcheka mpaka akaacha ndoo haijajaa. Nami nilimwambia, wewe msichana, mkweo angekuwa mwingine angekurudisha kwenu."

"Ulimwambia hivyo?"

"Mbele ya watu. Ili ajifunze."

"Akasemaje?"

"Si unamjua. 'Sawa, Mama.'"

Mama Asilia aliweka kapu chini. Alinisimulia kwamba alitazama mkono wa fundi ulioshika kitambaa, na kidole chenye subana, na akafikiri kwamba akigeuka sasa akatoka, ataweza kuishi. Watu huishi. Mtaa utasahau. Msichana hatasema kamwe, na hilo ndilo lililomtisha, kwamba hatasema kamwe.

"Hakununua stendi," akasema.

"Eeh?"

"Ile krimu ni yangu. Ya jikoni kwangu. Imeoza. Nilimwaga losheni yake nzuri kwenye karo wewe ukicheka, nikampaka mtoto uozo, na akagombezwa yeye, na mimi nikasema hasikii."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani, akainama kwenye kikapu, akamvua mwanawe fulana, akaanza kumkagua: shingo, kwapa, mikunjo ya mapaja, akitenga nyama kwa vidole viwili. Mtoto alicheka, alidhani anatekenywa. Hakuwa na kitu ila vipele vichache nyuma ya sikio, ambavyo huenda ni joto. Fundi alivitazama muda mrefu.

Kisha akaenda ndani akalileta kopo, akalishika kwa kitambaa, akalitia kapuni.

"Yaliyobaki utayafuata nyumba kwa nyumba?" akauliza.

"Nyumba kwa nyumba."

"Utasema hivyohivyo?"

"Nikisema vingine hawanipi. Wewe ulinipa?"

Akaenda. Nilimwona akipita na kapu, mlango huu na huu. Kwingine walimpa pole, kwingine walifunga mlango kabla hajaondoka kizingitini, na mwenye kiduka alimwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba yaya aliyefukuzwa hafukuzwi bure. Alirudi, akalimimina kila kopo kwenye shimo la taka, na kijiko cha kuchotea akakitupa humohumo. Kile alichoachiwa na mama yake. Sikumwona akilia.

Siku ya mtoto kurudi kliniki, aliomba kwenda. "Sawa, Mama," msichana akasema. Mtoto alikuwa ameanza kuota ngozi mpya, ya waridi, shingoni. Nesi akafurahi. Mama Asilia hakusubiri aulizwe. Akasimama mbele ya benchi akasema krimu ile aliipika yeye, akaeleza mshubiri, maji, makopo ya kusuuzwa, kijiko. Akasema binti huyu alimfichia aibu, na siku ile aliposema hawasikii, asiyesikia alikuwa yeye.

Nesi alitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Basi, Bibi," akasema kwa upole. "Hukujua. Mafuta matupu ya zamani hayakuwa na shida hiyo, maji ndiyo yaliyoleta. Usijali."

"Mbona hunigombezi?"

"Bibi, wewe ni mtu mzima."

"Yeye ulimgombeza. Mbele ya watu hawahawa."

Nesi akamtazama msichana, akafungua mdomo, na wanaosubiri wakaanza kukohoa. Foleni ilikuwa ndefu. "Pole, dada," akamwambia, haraka, akaita mwingine. Njia nzima ya kurudi Mama Asilia alitembea nyuma ya mkamwana wake, hatua chache, kama mtu aliyebeba kitu ambacho hakuna mahali pa kukitua.

Ninalokumbuka zaidi ni mchana mmoja kabla sijahama. Dada mtu alikuwa ameleta chupa nyingine, ileile isiyo na harufu, nayo ilikaa bila kufichwa juu ya meza ya uani. Mtoto alikuwa ametoka kuogeshwa, amelala kwenye taulo, anapiga hewa mateke. Fundi alikuwapo, kaja kurudisha pasi. Mama Asilia alikuwa kwenye kigoda, mikono mapajani. Toka mtoto augue hakuwa amempaka chochote.

"Naweza kumpaka?" akauliza.

Alimwuliza msichana. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwomba mtu kitu ndani ya uzio wake mwenyewe.

Msichana alikuwa amekwisha kufungua kizibo. Akakifunga tena.

"Nawa mikono kwanza, Mama," akasema. "Kwa sabuni."

Fundi alivuta pumzi kama mtu aliyepata mzaha mzuri, akaniona dirishani, akaiacha pumzi itoke hivyohivyo.

"Sawa," Mama Asilia akasema. Akainuka, akaenda kwenye karo lilelile, akafungua bomba. Alisugua viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, hadi viwiko, kama alivyokuwa akifanya katika nyumba za watu enzi zile. Alisugua kuliko mikono inavyohitaji. Mtoto alianza kulalamika kwa baridi, na msichana akamfunika taulo, akamngoja bibi.